Mti umeanguka na nyuki wamo ndani: nifanyeje?

"Juzi tuliangusha mti mkubwa uliokuwa umeoza katikati. Shina lilipogonga chini likapasuka ubavuni, na kumbe mle ndani mna nyuki wengi ajabu. Masega mawili yametoka nje yakavunjika, asali inachuruzika, na nyuki wengine wanazungukazunguka hewani pale mti uliposimama. Jirani mmoja ananishauri nimwage mafuta ya taa usiku nichome. Mwingine anasema nikimkamata malkia na kumtia mzingani, wengine wote watamfuata wenyewe. Wa tatu anasema nyuki wa porini hawafugiki, nisijisumbue. Ninao mzinga mtupu wa fremu, bomba la moshi na vazi la kurinia asali, lakini sijawahi kuhamisha kundi. Je, wanaweza kuokolewa? Na nina muda gani kabla hawajafa au kuhama?"

Wanaweza kuokolewa, na muda unao mwingi kuliko unavyodhani. Kundi ambalo pango lake halijaharibika sana huweza kuendelea kuishi ndani ya gogo lililolala kwa wiki kadhaa, hata miezi. Mara nyingi linamalizwa na yale yanayofuata baada ya mti kuanguka: jua linalopiga masega yaliyo wazi, mvua inayoingia kwenye ufa, na asali iliyomwagika ambayo huwaita siafu, sisimizi na nyuki wa makundi mengine wanaokuja kupora. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za selisiasi, lakini huanza kulegea mapema kabla ya hapo. Sega lililojaa asali likilegea huporomoka kwa uzito wake na kuwazika nyuki walio chini yake. Kwa hiyo leo ziba ufa tu. Kuhamisha kunaweza kungoja hadi ujipange.

Subiri jua lipoe, vaa vazi lako, puliza moshi kidogo, kisha funika ufa kwa ubao au gunia lenye unyevu na juu yake weka turubai au majani ya kutia kivuli. Usilizungushie gogo zima nailoni, maana joto litapanda ndani na masega yatadondoka. Tundu walilokuwa wakiingilia tangu zamani liache wazi, ila kama limekandamizwa chini au sasa linatazama juu na mvua itaingia, acha upenyo mwingine wa sentimita chache ubavuni. Masega yaliyotoka nje yaokote yote, yatie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, kisha mwagia maji na udongo pale asali ilipochuruzika. Baada ya siku mbili nje, majana (watoto wa nyuki ambao bado wamo kwenye vyumba vya sega) yaliyomo humo yamekwisha kufa. Usiyarudishe.

Zima chenso zote eneo hilo na uzuie watu. Wanyama waliofungwa kamba karibu wafunguliwe au wahamishwe sasa hivi, kwa sababu mnyama asiyeweza kukimbia ndiye anayekufa nyuki wanapochachamaa. Umbali gani unatosha? Inategemea aina ya nyuki. Nyuki wa Afrika hulinda kiota chao kwa ukali zaidi kuliko wa Ulaya na wanaweza kumfukuza mtu kwa mamia ya mita. Wale wa Ulaya kwa kawaida huachia mapema.

Hao unaowaona wakizunguka hewani hawajakasirika, wamepotea. Nyuki mkusanya chakula hukariri mahali tundu lilipo kwa alama za mazingira: urefu kutoka ardhini, upande, vitu vilivyo jirani. Tundu lililokuwa juu sasa liko chini na limesogea, lakini kumbukumbu yake inamrudisha pale pale angani. Gogo likiwa jirani na kisiki, wengi wao watalipata kwa harufu ya wenzao. Kwa hiyo usiliburute gogo mbali mchana. Kila mita unayolisogeza inaacha nyuki nyuma.

Sasa nizungumzie ushauri wa majirani zako, maana kila mmoja ana chembe ya jambo lakini wote wanakupotosha.

Moto na mafuta ya taa uache kabisa. Mti uliooza ndani hushika moto wa chinichini unaoweza kufuka kwa siku nyingi na kuibuka wakati hakuna mtu. Sumu ya wadudu nayo haina nafuu: asali iliyotiwa sumu inabaki ndani, nyuki wa makundi mengine wataifuata na kuibeba makwao, na mtu mwingine anaweza kuikuta na kuila bila kujua.

Kuhusu malkia, ni kweli kwamba bila yeye kundi halidumu, lakini kumtia peke yake kwenye mzinga mtupu ni njia nzuri ya kuwapoteza wote. Atatoka na kurudi kwenye majana, au kundi zima litaruka pamoja naye. Kinachowafunga nyuki mahali pamoja ni malkia na majana kwa pamoja, hasa majana ambayo bado hayajafunikwa, kwa kuwa yanahitaji kulishwa na kupewa joto kila wakati. Ukiyahamisha majana vizuri, nyuki walezi watayafuata, na mara nyingi malkia pia atakuwa hapo hapo.

Na nyuki wa porini na wa mzingani ni viumbe wale wale. Ukali na tabia ya kuhama hutokana na asili yao, msimu na namna unavyowashika. Kukaa kwenye mti hakuongezi wala hakupunguzi kitu. Ila hakikisha kwanza kwamba ni nyuki wa asali wa kawaida. Ukiona nyuki wadogo sana wasiouma, tundu lao lina mrija wa nta na utomvu unaochomoza nje, na ndani wameweka asali kwenye vijungu badala ya masega yaliyoning'inia, hao ni nyuki wasiouma. Haya ya fremu hayawahusu, na kwao kulihifadhi gogo ndiyo njia bora.

Ili ujue ukate wapi na usiguse nini, inafaa ujue kiota kimepangwaje. Mwaka 1976 watafiti wa nyuki Thomas Seeley na Roger Morse walichapisha matokeo ya kupasua miti yenye nyuki huko New York, Marekani, na wakakuta kwamba mapango mengi yana ujazo wa lita 30 hadi 60, marefu ya kwenda juu kama bomba. Boksi moja la chini la mzinga wa Langstroth (aina ya mzinga wa fremu inayotumika sana) lenye fremu kumi lina takriban lita 42, kwa hiyo mzinga wako unatosha. Masega huning'inia sambamba, yameshikizwa juu na pembeni, na kati ya sega na sega hubaki njia ya nyuki kupita. Asali huwekwa juu na pembezoni, chini yake ukanda wa chavua, kisha majana katikati kuelekea chini. Majana hayo hutunzwa kwenye nyuzi 34 hadi 36. Vyumba vya sega navyo havikulala sawa. Vimeinuka kidogo kuelekea nje ili asali mbichi isimwagike.

Kwa hiyo gogo likilala, jambo la kwanza ni kujua bapa za masega zimeelekea wapi. Chungulia kwenye ufa kwa tochi. Kama masega yamesimama kwa ukingo, yaani ukitazama unaona mistari ya wima, kundi liko katika hali njema. Nyuki watayashikiza upya kwa nta ndani ya siku chache. Kama yamelala moja juu ya jingine, yatabanana na kuwakandamiza nyuki, pengine na malkia. Hapo inafaa kulibiringisha gogo robo mzunguko, polepole sana, kwa watu kadhaa wenye mitaimbo na kabari za kulizuia lisirudi. Ukishalibiringisha, liache lipumzike siku moja kabla ya kufanya jambo jingine.

Sasa kuna njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kuliacha kundi ndani ya kipande chake cha gogo na kukisimamisha kama mzinga. Ya pili ni kufungua gogo na kuhamishia masega kwenye fremu. Kuna njia nyingine ya kuweka koni ya wavu tundu likawa la kutokea tu, na kuwapokea nyuki kwenye mzinga ulio kando, lakini huchukua wiki nyingi na malkia kwa kawaida habanduki. Ina maana kwenye ukuta usioweza kubomolewa. Kwa gogo lililokwisha pasuka ni kupoteza wakati.

Kwa mtu ambaye hajawahi kuhamisha kundi, mimi napendelea ya kwanza, kama ufa si mkubwa. Inawasumbua nyuki kidogo, malkia hana hatari kubwa, na ukitaka mzinga wa fremu unaweza kuhamisha baadaye ukiwa na msaidizi. Gonga shina kwa nyuma ya shoka kuanzia kwenye ufa kwenda pande zote mbili. Sauti ikibadilika kutoka uwazi kuwa nzito, umefika mwisho wa pango. Ongeza sentimita 30 kila upande ndipo ukate. Ukiona pango bado liko wazi pale ulipokata, funika kwa ubao uliopigwa skrubu, si misumari, kwa sababu kugonga nyundo kunawachokoza. Ufa uzibe kwa ubao mwembamba au udongo wa mfinyanzi.

Kisha ukisimamishe kama kilivyokuwa mtini, juu kubaki juu, kimeinuliwa kidogo kutoka ardhini na kufunikwa paa dogo la bati au ubao. Usidanganyike na ukubwa wake. Kipande chenye kipenyo cha sentimita 50 na urefu wa mita 1.2, kikiwa cha mti mbichi, kinaweza kupita kilo 150 hata baada ya kutoa ule uwazi wa ndani. Hicho hakinyanyuliwi na watu wawili. Kama lazima kisafirishwe, ziba tundu usiku kwa wavu wa waya unaopitisha hewa, safiri usiku huo huo, fungua mara tu ukifika. Kundi lililozibwa kwa kitambaa kizito kwenye joto hujichemsha lenyewe.

Ukiamua kuhamishia kwenye fremu, tayarisha kila kitu kabla ya kugusa gogo. Utahitaji fremu zisizo na karatasi ya nta, rababendi nne kwa kila fremu au uzi wa pamba, kisu kirefu chenye makali, ubao wa kulazia sega, ndoo mbili zenye mifuniko, beseni la maji ya kunawia asali, unyoya au brashi laini, shuka nyeupe, na kizimba kidogo cha malkia (kisanduku cha kiberiti kilichotobolewa vitundu kinatosha). Majani makavu, magome au gunia la katani hufaa kwa bomba la moshi. Plastiki na vitambaa vyenye mafuta havifai. Moshi uwe mweupe na wa baridi; upulizie mkono wako kwanza, na kama unakuunguza utawaunguza nyuki pia. Moshi hufanya kazi kwa njia mbili: hupunguza uwezo wao wa kunusa harufu ya hatari, na huwafanya wajaze asali tumboni.

Saa ya kufanya kazi inategemea nyuki wako. Wakiwa wapole, mchana wenye joto ni bora, kwa sababu wakusanyaji wengi wako nje. Wakiwa wakali, anza jua linapokaribia kuzama na umalizie kwa tochi nyekundu, maana nyuki hawaoni rangi nyekundu. Tochi nyeupe watairukia, na gizani hawaruki vizuri bali hutambaa na kukupanda miguuni, kwa hiyo funga suruali kwa utepe juu ya viatu. Usifanye kazi hii wakati wa mvua au baridi.

Weka mzinga karibu kabisa na gogo, mlango ukielekea upande lilikoelekea tundu la zamani. Puliza moshi mara tatu au nne tunduni, ngoja dakika mbili au tatu, kisha fungua. Anzia kwenye ufa uliopo: ingiza kabari na kupasua taratibu kufuata mkondo wa mbao. Chenso iwe ya kukata mistari miwili mifupi tu, kina kisichofika kwenye pango, halafu kabari zimalizie. Kuna sababu tatu za kuiogopa. Mtetemo na moshi wa injini huwakasirisha nyuki sana, mafuta ya mnyororo huharibu asali, na aliyevaa wavu usoni haoni vizuri anakokata. Kama hujazoea chenso, mwachie mwenye uzoefu naye avae vazi kamili.

Likifunguka, anza na sega la pembeni. Likate pale liliposhikamana na mti, lishike kwa viganja viwili na ulilaze kwenye ubao. Tenga asali kwa kisu na kuitia ndooni, funika. Kipande chenye majana kikate kitoshee fremu, ukingo wa juu uwe umenyooka na kugusa upau wa juu wa fremu. Kitie kikiwa wima vile vile kilivyokuwa: cha juu juu. Ukikigeuza, vyumba vitainamia chini. Kizungushie rababendi tatu au nne. Nyuki watakishikiza kwa nta, kisha watazitafuna na kuzitoa nje wenyewe.

Sega linalofuata lifanye hivyo hivyo, na fremu za majana zikae pamoja katikati ya mzinga kwa mfuatano ule ule wa mtini. Lenye mayai na majana meupe ya wazi ndilo la thamani kuliko yote, likifuatiwa na majana yaliyofunikwa. Yale yenye vifuniko vilivyotuna kama risasi ni ya madume; mengi yake unaweza kuyaacha. Fanya haraka bila papara, na lisilotiwa fremu lifunike kwa kitambaa chenye unyevu kivulini, kwa sababu majana hupoa na pia hukauka.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi: wanataka kuokoa na asali yote mzingani. Sega la asali lililofungwa kwa rababendi ni zito, hukatika usiku, humwagikia majana, na harufu yake huwaita waporaji na siafu wakati kundi halijaweza kujilinda. Weka kipande kimoja kidogo kilichofunikwa na kigumu, kando kabisa. Ukitaka kuwalisha, ngoja siku moja au mbili, kisha wape jioni, ndani ya mzinga, sukari na maji kwa uzito sawa. Asali ya mahali usipopajua usiwape, maana vijidudu vya ugonjwa wa kuoza majana hudumu ndani yake miaka mingi.

Malkia mtazamie kwenye masega ya majana na kwenye kona yenye giza zaidi, kwani hukimbia mwanga. Tumbo lake ni refu kiasi kwamba mbawa zinaonekana fupi. Ukimwona, mtie kizimbani na umweke kati ya fremu mbili za majana. Mwachie baada ya siku mbili au tatu. Usipomwona, usipoteze usiku kumsaka. Chota nyuki waliobaki kwa mkono wenye glavu au kwa bakuli, wamwage juu ya fremu au kwenye shuka iliyotandazwa mbele ya mlango, kisha tazama. Wakisimama mlangoni wameinua matako na kupeperusha mbawa, wanaeneza harufu ya kuwaita wenzao, na hiyo ni dalili nzuri kwamba malkia yumo. Wakitoka kwa msururu kurudi kwenye gogo, au wakifanya kichala kwenye tawi, yeye yuko huko. Wafuate ukachote tena.

Acha mzinga pale pale hadi giza liingie na wote waingie. Punguza mlango ubaki sentimita mbili hivi. Ukitaka kuuhamisha, aidha uupeleke zaidi ya kilomita tatu, au uuache hapo na kuusogeza chini ya mita moja kila baada ya siku chache. Ukiupeleka mita mia mbili tu, kesho utakuta kichala cha wakusanyaji pale gogo lilipokuwa.

Nisikufiche: hata kazi ikifanyika vizuri, kundi linaweza kuhama ndani ya wiki ya kwanza. Nyuki wa nchi za joto huhama kwa wepesi wakisumbuliwa. Kizuizi cha malkia kwenye mlango (wavu wenye nafasi zinazopitisha nyuki wadogo lakini si malkia) husaidia kwa siku tatu hadi tano, ingawa malkia mwembamba anaweza kupenya, na kikizidi siku hizo madume hukwama na kuziba njia. Kivuli, utulivu na majana ya wazi ya kutosha husaidia zaidi ya kizuizi.

Ukiacha kumwachia malkia au kuwalisha nyuki, usifungue mzinga kukagua kabla ya siku ya tano. Yai huanguliwa baada ya siku tatu, kwa hiyo mayai utakayoyaona siku hiyo yametagwa baada ya uhamisho: malkia yu hai. Ukikuta badala yake vyumba virefu vinavyoning'inia kama karanga kwenye uso wa sega, amepotea na nyuki wanalea mwingine kutokana na majana machanga. Ondoa kizuizi cha mlango kama bado kipo, vinginevyo malkia kijana hataweza kutoka kupandwa, kisha usiguse kitu kwa takriban wiki nne. Malkia huchukua siku 16 tangu yai hadi kutoka chumbani, halafu anahitaji siku za kukomaa, kuruka na kuanza kutaga. Usipoona mayai wala vyumba hivyo, kundi linahitaji sega lenye mayai kutoka kundi jingine, au kuunganishwa nalo.

Sasa jambo la miiba. Nyuki kibarua akiuma huacha mwiba wenye kifuko kinachoendelea kusukuma sumu, kwa hiyo utoe papo hapo kwa njia yoyote. Kuuparua au kuubana si hoja, haraka ndiyo hoja. Mahali pale hubaki harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, ambayo huwaita wengine waume hapo hapo, pulizia moshi. Wakikuzidi, ondoka bila kupunga mikono, funika uso, kimbilia ndani ya nyumba au gari lililofungwa. Usiruke majini, watakungoja juu.

Usifanye kazi hii peke yako, na mwenzako awe na njia ya kukufikisha hospitali. Ulimi au uso kuvimba, vipele mwili mzima, kubanwa pumzi, kutapika au kuzimia baada ya kuumwa hata mara moja ni hali ya kuua ndani ya dakika. Inahitaji sindano ya adrenalini, na vidonge vya mzio haviwezi kuchukua nafasi yake. Aliyeumwa mara nyingi, tuseme zaidi ya 50 kwa mtu mzima au chache tu kwa mtoto, aende hospitali hata akijisikia vizuri, kwa sababu sumu nyingi huweza kudhuru misuli na figo saa kadhaa au siku kadhaa baadaye.

Kuna hali ambazo nisingekuruhusu uanze bila mfuga nyuki mwenye uzoefu kuwa hapo kwa mwili wake. Kwanza, kama wewe au yeyote hapo amewahi kupata mzio mkali. Pili, kama gogo liko jirani na nyumba, shule au njia ya watu, maana kosa dogo linawaumiza wengine. Tatu, kama shina limeegemea kitu au liko kwenye mteremko na linaweza kubiringika. Na nne, kama majana yananuka uozo na vifuniko vyake vimedidimia na kutoboka. Chokoa chumba kimoja kwa njiti ya kiberiti. Likivutika uzi wa kahawia wa sentimita mbili hivi, huenda ni ule ugonjwa wa kuoza majana. Usihamishe chochote, ziba gogo nyuki wengine wasiingie, na mwite ofisa wa ufugaji nyuki au mifugo wa eneo lako. Katika nchi nyingi ugonjwa huo lazima uripotiwe. Muulize pia kama kuchukua kundi la porini kunahitaji kibali, kwani sheria hazifanani.

Asali uliyotenga, ile iliyofunikwa na isiyoguswa na udongo, mafuta ya mnyororo wala majana, ichuje na uile. Ambayo haijafunikwa ina maji mengi na itachacha, itumie mapema. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali yoyote. Nta iyeyushe ndani ya maji ya moto, kamwe si moja kwa moja juu ya moto.

Gogo tupu nalo usiliache wazi kando ya mzinga mpya. Kesho yake asubuhi kwangua nta iliyobaki, kisha liondoe mbali, au lijaze udongo. Likibaki hapo na harufu yake, nyuki wako watakuwa wakilirudia, na waporaji watakuwa na sababu ya kuendelea kuja.